Mwaka wa kwanza wa ndoa na jiko la Tanga: tui lililokatika, samaki wa kununua na dumu la mawese

Mleta uzi

Assalaam aleikum, na habari za jioni wadau wote.

Nimesoma nyuzi nyingi za ndoa na karibu zote ni za ugomvi, simu na pesa. Mimi naleta ya jikoni. Nyumba yangu ilianzia pale, na machozi yangu ya kwanza kwa mume yalinitoka nimesimama mbele ya sufuria ya muhogo.

Mimi ni mtoto wa Ujiji, Kigoma. Mume wangu ni wa Tanga kwa kuzaliwa na kukulia, kazi yake useremala. Tulifunga ndoa mwezi wa Shaabani, fungate ikaisha, na wiki mbili baadaye Ramadhani ikaingia. Tumepanga vyumba viwili Ngamiani, kwenye zile barabara zinazoitwa kwa namba, nyumba ya Kiswahili yenye ukumbi katikati na ua nyuma. Ua ni wa wote: wapangaji watatu, bomba moja, majiko yamepangwa ukutani. Ukiunguza kitunguu, nyumba nzima inajua kabla ya mumeo.

Kupika nimeanza nina miaka tisa. Ugali wa muhogo wa watu kumi na wawili nilikuwa nasonga peke yangu. Dagaa, migebuka, maharage, sombe (huku mnaita kisamvu), vyote tuliunga kwa mawese. Nazi nyumbani kwetu ilikuwa ya bahati, ikija hugawanwa vipande vya kutafuna. Kwa hiyo niliolewa pwani najua kupika, ila sijawahi kukamua tui hata siku moja.

Siku ya kwanza ya mfungo tulifuturu kwa mama mkwe, Makorora. Nilimwona mume wangu alivyoula muhogo wa nazi wa mama yake, taratibu, kila kipande anakipitisha kwenye tui. Nikasema moyoni, kesho nami.

Kesho yake nikanunua nazi mbili soko la Mgandini, nikakuniwa kwa mashine pale pale. Kufika nyumbani nikazimiminia maji yote kwa mkupuo, nikakamua mara moja, nikapata tui moja, jeupe, jepesi. Nikatia muhogo mbichi, tui, chumvi, kitunguu, na ndimu mbili zima nikazikamulia juu. Nikafunika, nikafungulia gesi moto wote, nikaenda kuswali Alasiri.

Niliporudi mafuta yalikuwa yanaelea juu ya maji ya kijivu, na katikati vibonge vyeupe vimetengana. Muhogo nje umelainika, ndani mgumu. Mama mmoja mtu mzima, mpangaji wa chumba cha mbele, akachungulia akasema neno moja tu: "Limekatika." Sikujua hata kama tui hukatika. Mawese hayakatiki.

Adhana ikalia, sina kingine. Mume wangu akafungua kwa tende, akala ule muhogo mpaka chini, akasema alhamdulillahi. Hakusema kibaya wala kizuri. Nilitamani aseme chochote.

Naendelea, chaji ya simu iko chini.

Mdau wa Chumbageni

Nipo, nimekaa. Weka mwendelezo.

Mdau wa Muheza

Ndimu kabla tui halijachemka! Dada pole sana. Endelea.

Mleta uzi

Nimerudi.

Baada ya siku ile nikaanza kukwepa nazi. Napika tambi za sukari, viazi, uji wa pilipili manga, maharage. Kila nikiulizwa "leo vipi magimbi?" nasema sokoni hayakuwapo, na yalikuwapo. Siku ya kumi mume wangu akaja na habari: mama na mawifi wawili watafuturu kwetu kesho, mara ya kwanza kuja tangu tuhamie.

Sikulala vizuri. Daku yenyewe nilikunywa maji tu.

Nilichofanya, mtaa wa pili kuna mama anapika vyakula vya futari na kuuza, samaki wake wa kupaka wanasifiwa. Saa kumi jioni nikamtuma mtoto wa jirani na ndoo yenye mfuniko. Changu watatu wa kupaka, ndizi mbivu za nazi, na kaimati. Nikavimimina kwenye bakuli zangu za harusi, nikaosha ile ndoo haraka, nikachoma ubani ili ua usinuke mkaa wa watu. Elfu ishirini na kitu ilikwisha. Ilikuwa pesa ya kununulia pazia.

Wakala. Mawifi wakasifu. Mama mkwe akala vizuri, akaomba mchuzi mara ya pili. Baada ya Magharibi mawifi wakabaki ukumbini, yeye akanifuata uani nilikokuwa naosha vyombo. Akachukua kigoda, akakaa karibu, akasema kwa sauti ya chini:

"Mwanangu, samaki yule kapikwa na shoga yangu wa mtaa wa pili. Mkono ule naujua. Nimemfundisha mimi, ila bizari nyembamba ameongeza yake, mimi huwa sitii."

Sikupata pa kuuweka uso. Nikaanza kuomba radhi, maneno hayatoki. Akanishika mkono wenye povu la sabuni:

"Umefunga kutwa, ukatoa pesa yako, ukatufuturisha. Radhi ya nini? Ila kesho usinunue. Nakuja baada ya Adhuhuri na mbuzi yangu."

Mawifi hawakujua mpaka leo, na kama wako humu, wifi zangu, nisameheni.

Nimeleta uzi huu kwa sababu ya jambo moja, nalisema hapa kwa walio kwenye miezi ya mwanzo kama mimi. Lile tui lililokatika liliniuma jioni moja. Zile siku nane za kuficha ziliniuma kila siku. Nilikuwa naogopa jiko langu mwenyewe, naogopa mgeni, naogopa hata mume wangu akitaja chakula. Na mtu wa kuniongoza alikuwa dakika ishirini kwa baiskeli.

Kesho yake alikuja kweli, mbuzi ya kukunia nazi kaifunga kwenye kapu, ya miaka mingi, meno ya chuma yameisha upande mmoja. Na kifumbu cha kukamulia tui. Akakataa nazi ya mashine. Alinikalisha mimi juu ya mbuzi, yeye akakaa chini kwenye mkeka. Nimeandika aliyonionyesha, namwekea na mwingine:

Nazi ikune, ila usikune mpaka kwenye ganda, ile nyeusi ikiingia tui linabadilika rangi. Maji ya vuguvugu kidogo sana, kikombe kimoja kwa nazi mbili, sugua kwa vidole, tia kifumbuni, kamua. Hilo ni tui la kwanza, zito, weka pembeni, funika. Rudisha machicha, tia maji mengi sasa, kamua tena. Hilo la pili ndilo linapikia muhogo mpaka uive. Muhogo ukiiva kabisa na maji yakipungua, ndipo unaleta tui zito, moto unapunguza, hufuniki, huondoki. Unateka kwa upawa na kumimina, unateka na kumimina, mpaka lichemke mara moja. Chumvi ionje hapo. Ndimu mwisho, sufuria imeshaepuliwa.

Mkono wangu uliuma, nikataka kuacha kuteka. Akasema, "Bado." Nikaendelea. Akasema tena, "Bado." Halafu nikaona tui limekuwa zito, linang'aa, limeshika muhogo, na harufu imebadilika. Hakusema tena. Akaondoka kabla ya futari, akasema hatakula kwangu siku hiyo ili chakula kile kiwe cha mume na mke.

Mume wangu alivyoonja akaweka kipande chini, akaniangalia. "Mama alikuja?" Nikasema alikuja, ila hakugusa mwiko. Nikamweleza yote, na samaki wa kununua nikamweleza. Akacheka mpaka akasimama. Tangu siku hiyo nikiharibu kitu namwambia kabla hajakaa kwenye mkeka.

Bibi wa Pangani

Binti yangu, umefunzwa vyema, mpe salamu mkweo. Niongeze mawili kwa kuwa huku kwetu minazi ndiyo ua wetu.

Tui ni mafuta na maji vimeshikana. Moto mkali ukilipiga bila kukorogwa, mafuta yanajitenga, yanapanda juu. Ndimu, ukwaju au embe bichi nazo hulikata zikiingia mapema. Kwa hiyo ule upawa wako si desturi tu, ndio unaozuia vitu viwili visiachane.

La pili ni nazi yenyewe. Wauza nazi wa mjini siku nyingine wanakupa koroma. Kuna kidaka, kuna kitale, kuna dafu, kuna koroma, ndipo nazi. Koroma ukikuna inatoka laini, ina utamu, tui lake maji matupu. Itikise sikioni: nazi komavu maji yake yanagonga kwa sauti. Ganda la nje liwe la kahawia. Ukishakuwa na nazi nzuri hata mkono mchanga hauharibu sana.

Na tui likikukatikia usimwage. Liache lichemke mpaka maji yaishe, utapata mafuta ya nazi na mashata yake yale yanayobaki chini. Watoto wanayapenda.

Mdau wa Handeni

Samahani dada, nitaongea tofauti. Kungwi wako alikuwa wapi? Zamani binti haolewi mpaka amekamilika. Siku hizi mnaolewa hamjui kupika, mnakuja kulia kwenye simu. Na huyo mama mkwe kuja kukaa jikoni kwa mtu, mimi siafiki, leo anafundisha nazi, kesho anahesabu chumvi.

Mleta uzi

Kaka yangu wa Handeni, nakujibu kwa heshima.

Kungwi nilikuwa naye, na alinifunza mengi ninayoyashukuru. Jikoni hakuingia, kwa kuwa kwake yeye kila binti anakuja na mkono wa mama yake. Na mimi nilikuja nao. Mkono wa mama yangu ni wa mawese na muhogo, wa ziwani. Mwanamke wa Tanga akiolewa Ujiji, ukampa migebuka mikavu na chupa ya mawese, utamwambia hajakamilika? Umbali wa jiko na jiko ni mkubwa kuliko watu wanavyodhani. Bara nzima iko katikati.

La mama mkwe, nakuelewa, yako majumba yanayovunjika hivyo. Huyu alikuja mara tatu, kila mara kwa kuitwa au kwa kubisha hodi. Mbuzi yake aliniachia. Mguu mmoja ulikuwa unalegea, mume wangu akautengeneza kwa mninga.

Bwana harusi wa Sahare

Naomba niingie, maana wanaume hatuandiki haya.

Mke wangu ni muuguzi, wiki nzima yuko zamu ya usiku. Tuna miezi mitano. Nikaona si haki arudi asubuhi amechoka halafu ashike mwiko. Wakati wa bamvua maji yakitoka sana akina mama wanaingia mwambani kutafuta pweza, nikanunua mmoja mkubwa pale ufukweni, bado anateleza. Nikamkatakata, nikamtia maji tele na chumvi, nikachemsha saa moja na nusu. Mke wangu alitafuna kipande kimoja muda wote wa taarifa ya habari. Akasema, "Asante mume wangu, taya zangu zimefanya kazi." Akalala.

Mvuvi aliyeniuzia nikamfuata kesho yake kwa malalamiko. Akaniuliza, ulimpiga? Sikumpiga. Ulimtia maji? Nilimtia. Akashika kichwa. Pweza hupigwa juu ya jiwe au kwa mchi mpaka misuli ilegee. Kisha unambandika mkavu, bila tone la maji, bila chumvi, moto mdogo, umefunika. Anatoa maji yake mwenyewe, mengi, yanageuka rangi ya zambarau, anaiva humo humo. Ukitia kipande cha papai bichi analainika mapema zaidi, lile utomvu wake linavunja ugumu wa nyama. Chumvi na tui vinakuja mwishoni.

Wa pili alitoka laini kama muhogo. Mke wangu alimla akiwa bado amevaa sare.

Kingine, kwa maharusi wote mliopewa mtungi wa gesi wa zawadi: usiku mmoja nilisikia harufu, nikataka kuwasha taa nione. Mke wangu akanishika mkono gizani. Akafungua milango yote miwili, akafunga mtungi, tukatoka nje na shuka. Gesi ile ni nzito kuliko hewa, inalala chini sakafuni, na cheche ya swichi inatosha. Asubuhi tukapaka povu la sabuni kwenye mpira pale unapoungana na mtungi, likawa linatoa mapovu. Mpira mpya ni pesa kidogo. Nunueni.

Mama wa Mabawa

Nimesoma hiki cha gesi nikainuka kwenda kuangalia wangu. Na wanaotumia mkaa, msiingize jiko ndani mkafunga madirisha kwa sababu ya mvua. Moshi unaoua ni ule usioonekana.

Mjukuu wa Ujiji

Dada wa nyumbani! Mwambie huyo wa Handeni akuone ukisonga. Nataka kujua mawese yalipokelewaje huko. Mimi niko Bagamoyo mwaka wa tatu, shemeji zangu wakiona dumu jekundu wanauliza kama ni rangi ya mlango.

Mleta uzi

Ndugu yangu, umefika penyewe. Hapo ndipo palipokuwa pagumu kuliko nazi.

Baada ya Idi mama alinitumia kwa basi dumu la lita tano la mawese na kifurushi cha migebuka. Dumu lilivuja njiani, kapu lote likawa rangi ya machungwa, lakini mimi lilivyofika nililikumbatia. Nikasema leo mume wangu ale kwetu. Nikatwanga sombe kwenye kinu cha mama wa chumba cha mbele, nikachemsha bila kufunika mpaka ikaiva kabisa (majani ya muhogo yana sumu, yasipotwangwa vizuri na kuchemshwa sana si salama), nikaunga kwa karanga na mawese, nikasonga ugali.

Mume wangu alikula matonge mawili, akanywa maji, akasema ameshiba. Huyu mtu hajawahi kushiba kwa matonge mawili.

Safari hii sikulia peke yangu. Nilimwambia pale pale: nimekula nazi yenu mfungo mzima, hiki ndicho chakula kilichonikuza, na umekiacha. Akanyamaza muda. Akasema, "Harufu. Sijaizoea. Nisubiri." Halikuwa jibu nililolitaka. Lakini hakudanganya, na mimi nilishajua kudanganyana kwenye chakula kunavyochosha.

Dumu likakaa chini ya meza wiki nzima. Nilikuwa napika langu dogo mchana akiwa karakana.

Mjukuu wa Ujiji

Unayakaanga vipi? Watu wa huku wanasema harufu, mara nyingi ni mawese mabichi. Tia kwenye sufuria kavu, yapate moto hasa mpaka yaanze kutoa moshi mwembamba na wekundu upungue, ndipo kitunguu. Na yale ya dumu lililovuja yameingiwa na hewa, yanachacha haraka. Onja kabla.

Mleta uzi

Ndicho nilichokuja kukijua, ila aliyenifungulia mlango ni mama mkwe tena, bila yeye mwenyewe kukusudia.

Jumamosi moja alikuja na mfuko wa unga. Akasema, leo nakula kwako bada. Mimi neno bada nilikuwa sijalisikia. Nikafungua mfuko nikanusa, nikashtuka: muhogo! Makopa yaliyotwangwa, unga wetu kabisa. Wadau wa bara wasiojua, bada ni ugali wa makopa, chakula cha Wadigo na Wabondei na watu wa pwani hii yote, huliwa kwa samaki au mboga ya mchunga. Kwetu muhogo tunauloweka kwanza unavunda, ndipo tunauanika. Huku makopa yanamenywa na kuanikwa tu, kwa hiyo ule uchachu wetu hauna. Lakini mkononi ni ndugu. (Kagua makopa kabla ya kutwanga, yenye ukungu tupa yote. Yasipokauka vizuri yanaota sumukuvu, na sumu hiyo haitoki kwa kupika.)

Mama mkwe akaanza kuniambia, maji yachemke hivi, unga utie hivi. Mimi nikaomba mwiko. Nikakanyaga sufuria kwa miguu miwili kama tunavyofanya, nikasonga. Ugali wa muhogo unavuta, ukiupa mkono mlegevu unakuwa gundi. Niligeuza, nikaukandamiza ukutani mwa sufuria, nikageuza, mpaka ukawa laini, umeng'aa, umejikusanya wote.

Alikuwa anatazama mikono yangu. Akaacha kuelekeza, akasogeza kigoda chake nyuma kidogo.

"Mwiko huu kakufundisha nani?"

"Mama yangu."

"Mama yako yuko hai?"

"Yuko hai, mama."

"Alhamdulillahi. Mpigie simu nimsalimu."

Wakaongea wanawake wawili ambao harusini walisalimiana tu kwa haraka, robo saa nzima, juu ya muhogo. Mmoja Ujiji, mmoja Ngamiani, mimi nimeshika simu na mkono mwingine una unga. Mama ndiye aliyemwambia habari ya kuunguza mawese kwanza. Mama mkwe akakata simu, akaniambia, "Haya, lilete hilo dumu."

Tuliunguza mawese kidogo, vijiko vitatu, mpaka wekundu ukapoa. Kitunguu, nyanya, kitunguu thaumu. Migebuka niliyoiloweka na kuitoa miiba. Maji kidogo ichemke. Halafu mama mkwe akakuna nazi moja, akatia tui zito mwisho, na mimi nikateka kwa upawa mpaka likaiva. Mchuzi ukawa wa rangi ya jua linalozama. Sijawahi kuuona kwetu wala huku.

Mume wangu aliingia, akala bada kwa mchuzi ule mpaka akapangusa bakuli. Akauliza ni samaki gani huyu. Nikamwambia ni mgebuka wa Ziwa Tanganyika. Akauliza na hiyo rangi? Mama yake akajibu kabla yangu: "Kula."

Sasa mawese tunakula mara moja kwa wiki. Sombe ya mawese matupu bado hajaiweza, anakula nusu sahani. Simlazimishi.

Mdau wa Handeni

Dada, nimesoma mpaka hapa. Neno langu la mwanzo lilikuwa kali, niwie radhi. Mke wangu ni wa Lushoto, mwaka wa kwanza alikuwa ananipikia viazi na maharage kila siku, nikanung'unika. Sikuwahi kumuuliza alikula nini kwao.

Mleta uzi

Tumesameheana kaka. Muulize leo.

Mama wa Mabawa

Samaki wabichi vipi bei huko Ngamiani? Kusi imeshika, boti nyingi hazitoki, changu wamepanda.

Mleta uzi

Wamepanda sana mama. Tunakula vibua na dagaa mpaka bahari itulie.

Naomba msaada wa mwisho. Siku ile ya bada mama mkwe alijifunga kanga nyeupe yenye maua meusi, ile aliyopewa siku ya harusi yetu. Nilipokuwa namimina mawese yakamrukia, doa kubwa la machungwa mbele. Alisema si kitu. Mimi nimeichukua kwa nguvu niifue, nimesugua mara mbili, mafuta yametoka, rangi imebaki. Aliye na njia aniambie, nataka kuirudisha Ijumaa.

Mjukuu wa Ujiji

Usitie dawa ya kung'arisha, utaharibu maua. Fua kwa sabuni ya mche na maji ya moto, suuza, uianike juani ikiwa bado mbichi, doa lielekee juu. Rangi ya mawese haipendi jua. Mchana mmoja inafifia, wa pili inakwisha. Mama zetu wote wanafanya hivyo.

Bibi wa Pangani

Kweli. Hata rangi ya bizari ya manjano huondoka hivyo hivyo.

Mleta uzi

Nimeianika tangu saa tatu. Sasa ni saa nane na doa limebaki kivuli, lazima umwambie mtu ndipo alione. Kesho naianika tena. Mama mkwe kapiga simu, nilidhani anaiulizia kanga. Anauliza mama yangu akituma dumu lingine, lake linaweza kuwa la lita tatu?